Filimbi Mbili, Uwanja Mmoja

Mimi nina hasira za karibu, na nisipolisema hilo mwenyewe, kuna watu wengi Mkolani watakaolisema kwa niaba yangu. Kwa hiyo siku Mkuu wa Chuo aliponiita ofisini akaniambia kwamba chumba cha muziki kitageuzwa darasa la kompyuta, sikumjibu kwa adabu anayostahili mtu wa cheo chake. Nilimwambia kwamba kompyuta haziimbi.

"Muziki wako nao hauimbi, Mwalimu Tereza," akanijibu. "Unapumua tu."

Hapo alinipata.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya soko huria, na kila mtu Mwanza alikuwa anafungua kitu. Jirani yangu alifungua duka la mitumba, mdogo wake akafungua baa, wenye uwezo wakafungua viwanda vya minofu ya sangara kando ya ziwa, na aliyekosa cha kufungua alifungua mdomo akawashauri waliofungua. Chuo chetu cha ualimu nacho kiliambiwa kijitegemee. Mkuu wetu, Bwana Shigela, alikuwa amepata kompyuta za msaada, zimetumika lakini zinawaka, na alikuwa na mpango wa kufundisha watu wa mjini jioni. Alihitaji chumba chenye dari nzima na madirisha yanayofungika. Chuo kizima kilikuwa na chumba kimoja cha namna hiyo, na ndicho changu.

Nieleze kuhusu huo muziki unaopumua. Enzi zile serikali ilipokuwa ikiwapeleka vijana kusoma nchi za kirafiki, wenzangu walipelekwa kusomea mabwawa na matrekta, mimi nikapelekwa Bulgaria kusomea muziki. Nilirudi na filimbi ya fedha, ile ndefu inayoshikwa mlalo mdomoni, na mwalimu wangu wa kule alikuwa amenipa agizo moja tu: ukifika kwenu, andika unachokisikia. Nikaandika. Niliandika kipande cha mvua ya kwanza, ambamo kwa muda mrefu hupulizi kabisa, unagonga tu vitufe vya filimbi kwa vidole, tap, tap-tap, kama matone yanavyoanza kwenye majabali yetu. Niliandika kipande cha matete, ambamo unapuliza upepo mtupu bila sauti. Niliandika kipande cha wale wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi, ambamo ulimi unatetemeka ndani ya mdomo mpaka unakufa ganzi.

Tatizo lilikuwa wasikilizaji. Nilishapiga kwenye ukumbi wa parokia, nilishapiga kwenye mahafali, na kila mara watu waliondoka kabla sijafika katikati. Mzee mmoja aliniuliza kwa huruma kama chombo kimeharibika. Nilipokuwa napiga kile kipande cha mvua, mama mmoja aliinuka katikati akatoka nje mbio kwenda kuanua nguo zake. Nilinuna wiki nzima. Otuoma aliniambia hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote nitakazowahi kupata, na mimi nikamnunia na yeye.

Otuoma alikuwa mwalimu mwenzangu, wa hesabu, mtu wa Shirati kule Mara. Alijifunza filimbi kwenye bendi ya shule ya misheni, na alikuwa na kifua cha kupuliza moto ukawaka kutoka chumba cha pili. Alikuwa mpole kiasi cha kuudhi. Mimi nikipandisha, yeye anasubiri, na nikimaliza ananiuliza kama nimekunywa chai.

"Kwa hiyo Mkuu kasemaje?" aliniuliza siku ile nilipotoka ofisini.

"Kasema siku ya wazazi nipige. Watu wakikaa vitini mpaka mwisho, chumba kinabaki changu. Wakiondoka, kompyuta zinaingia Jumatatu yake."

"Vitini mpaka mwisho?"

"Ndivyo alivyosema."

Otuoma alitikisa kichwa. "Dada Tereza, watu wetu hawakai vitini mpaka mwisho hata msibani."

Nilijua ni kweli, na ndiyo maana usiku ule sikulala vizuri. Chumba kile kilikuwa na vioo vizima na kuta zinazorudisha sauti vizuri. Ndipo mahali pekee Mwanza nzima ambapo mtu angeweza kujifunza kazi niliyoitoa mbali. Kikienda, ningebaki mwalimu wa kuimbisha wimbo wa taifa asubuhi, basi.

Nikaamua kuandika kitu ambacho hakuna mtu atakayekiacha katikati. Likizo ya Juni nilienda Luchelele, nikakaa juu ya mawe kando ya maji siku baada ya siku, nikiwasikiliza furukombe, wale tai wala samaki wa ziwani. Pale kuna jozi moja, dume na jike. Dume anaanza, sauti nyembamba, kali, anarusha kichwa nyuma mpaka unadhani shingo itavunjika. Kabla hajamaliza, jike anamdaka kutoka jabali la pili kwa sauti nzito zaidi, na kilichoanzwa na mmoja kinamaliziwa na mwingine. Nilisikiliza mpaka wavuvi wa pale wakaanza kuniuliza kama nina matatizo nyumbani. Nilirudi na kipande cha filimbi mbili.

"Mimi ni dume," nikamwambia Otuoma. "Wewe ni jike."

"Mimi mwenye ndevu?"

"Jike la furukombe ni kubwa kuliko dume."

Akafikiri. "Basi sawa," akasema, akaanza kujifunza sehemu yake.

Sasa naja kwenye kosa langu, na ni kosa ambalo Mbulgaria asingeweza kulifanya hata angejitahidi. Nilisema kwamba furukombe hawakai pamoja wanapoitana, umbali wenyewe ni sehemu ya muziki. Kwa hiyo hatungepiga ukumbini. Tungepiga kwenye uwanja wa chuo, ambao una jabali kubwa upande huu na jabali jingine upande wa pili. Mimi ningesimama chini ya jabali hili, Otuoma chini ya lile, na wasikilizaji wangekaa kwenye viti katikati. Siku ya wazazi ilikuwa Jumapili ya Agosti, alasiri, pamba imeshauzwa, watu wana nafasi. Nikaomba itangazwe makanisani kuanzia Mkolani hadi Misungwi: wapiga filimbi wawili, mmoja kila upande wa uwanja. Nilijiona nimepanga kila kitu.

Watu walikuja. Walikuja wengi mno. Nilikuwa nimetarajia wazazi wa wanachuo na masista wachache, lakini walikuja wakulima wa Misungwi kwa malori, walikuja wachunga ng'ombe na fimbo zao, walikuja akina mama waliobeba vigoda kichwani, na wengine walikuja na vyakula kabisa. Viti vilijaa, majani yakajaa, watu wakapanda hadi ukutani. Moyo ulinidunda kwa furaha, na kwa hofu pia, maana watu wengi wakiondoka wanaonekana zaidi kuliko wachache.

Shangazi yangu Selina, dada yake baba, alitoka Misungwi na gauni lake la Pasaka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akatazama huku na huku, akanisogelea, akanitia mkononi kitambaa kidogo kilichofungwa fundo. "Weka kiunoni."

"Ni nini?"

"Usiulize. Yule mrefu wa upande wa pili hawezi kuja mikono mitupu. Hao wa Mara hawana mchezo."

Nilimrudishia, nikamwambia mimi ni Mkristo, na yeye akasema hata yeye. Niliona ni vituko vya kizee tu. Mpishi wetu wa chuo, Kija, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili, naye alipita akaniuliza mwenzangu anatumia mganga wa wapi. Nikamwambia Otuoma anatumia vidonge vya kikohozi. Akacheka kwa namna ya mtu anayejua kuna siri anafichwa.

Tukaanza.

Nilianza kwa vidole peke yake, vile vitufe, mawimbi madogo yanavyogonga chini ya mawe. Watu walinyamaza. Kisha nikarusha kichwa nyuma nikaita, mwito wa dume, noti nne zinazopanda na moja inayoporomoka. Kutoka jabali la pili Otuoma alinidaka. Sauti ilikuja nzito, ya duara, ikapita juu ya vichwa vya watu wote. Watu waligeuka kumtazama, kisha wakageuka kunitazama mimi. Nikaita tena. Akajibu tena.

Ndipo mzee mmoja wa safu ya mbele aliposimama. Alichukua kigoda chake, akakikung'uta vumbi, akaanza kuondoka.

Nilimwona, na noti iliyofuata ilinitoka ikiwa imepinda. Nyuma yake wakasimama wanaume wawili. Kisha akasimama mama na watoto wake. Kisha safu nzima. Bwana Shigela alikuwa amekaa mbele kwenye kiti chenye mto, suti ya kijivu, na niliona akitazama saa yake. Nikajiambia, Tereza, chumba kimekwenda. Machozi yalinilenga, lakini huwezi kulia na kupiga filimbi kwa wakati mmoja, midomo inakataa, kwa hiyo niliendelea.

Niliendelea huku nikiwatazama wanaoondoka, na hapo nikaona kitu. Hawakuwa wanaelekea getini. Walikuwa wanaenda kwa Otuoma. Walifika mbele yake, wakaweka vigoda, wakakunja mikono, wakainamisha vichwa upande, wanasikiliza kwa makini ya mtu anayenunua ng'ombe.

Ndipo nikaelewa, na nusura nidondoshe filimbi.

Usukumani, pamba ikishauzwa, ndio msimu wa ngoma. Kuna vyama viwili vikubwa vya wachezaji, Bagika na Bagalu, na hushindana hivi: kundi moja linacheza upande huu wa uwanja, kundi la pili upande ule, siku moja, saa moja. Hakuna jaji. Hakuna alama. Watu ndio majaji, na wanahukumu kwa miguu. Ukivutiwa na wale unaenda kwao, ukichoka unarudi kwa hawa, na mwisho wa siku mwenye watu wengi ndiye aliyeshinda. Nimebebwa mgongoni kwenye ngoma hizo kabla sijajua kutembea. Na mimi huyohuyo, binti wa Ngosha, Msukuma wa damu, nilikuwa nimewaalika Wasukuma msimu wa ngoma, nikaweka mpigaji mmoja huku na mmoja kule, kisha nikategemea wakae vitini.

Mwalimu wangu wa Bulgaria angesimamisha muziki. Angeeleza kwa upole kwamba hiki ni kipande kimoja cha watu wawili, hakuna mshindi. Na mimi nilifikiria kufanya hivyo, nakiri, kwa muda wa pumzi moja. Lakini nilitazama mbele yangu nikaona nafasi tupu, nikatazama kule nikaona Otuoma amezungukwa, mtu wa hesabu, ananishinda kwa noti nilizomwandikia mwenyewe. Damu ilinichemka.

Nikapanda juu ya jabali.

Kuna ufundi mmoja ambao nilikuwa nimeuhifadhi kwa ajili ya ukurasa wa mwisho, wa kutoa sauti mbili kwa pumzi moja, moja juu na moja chini, mpaka unadhani filimbi imepasuka na ndani yake kuna filimbi nyingine. Nikautoa pale pale. Nikauita mwito wangu kwa sauti mbili, nikauzungusha, nikaurudisha kinyumenyume. Kija alipiga kelele ya mshangao, akakunja kanga yake, akaja mbio. Nyuma yake umati ukaja. Vumbi likatimka. Waliponifikia walikuwa wanacheka, na mzee mwenye kigoda alikuwa mbele yao.

Nilimwona Otuoma kule mbali akiinua nyusi. Kisha akashusha filimbi, akajifuta mdomo taratibu kama mtu aliyemaliza kula, akaipandisha tena. Akawatoa wale wadudu wa ziwani. Hawakuwa kwenye kipande hiki hata kidogo, aliwatoa kwenye kipande changu kingine, mwizi yule. Ulimi ulimtetemeka, wingu zima la wadudu likainuka, na nawaapia niliwaona watu wazima wakipunga mikono mbele ya nyuso zao. Mtu mmoja aliziba mdomo wake kwa kofia. Wakacheka kwa kuona walivyodanganyika, wakamwendea mbio.

Basi, ikawa ngoma. Mimi nikapiga matete. Yeye akapiga ngurumo kwa kufyatua pumzi kwenye tundu. Mimi nikapiga mvua, na akina mama wakajifunika kanga kichwani makusudi, kwa utani, wakinikimbilia. Watu walikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, watoto wanaanguka, wazee wanasukumana, vigelegele huku, miluzi kule. Viti vya katikati vilikuwa vimepinduka vyote. Na Bwana Shigela? Mara ya kwanza aligeuza kiti chake tu kumwelekea Otuoma. Mara ya pili alikibeba kiti akanifuata mimi. Mara ya tatu alikiacha kiti, akaenda na miguu yake, koti la suti begani.

Sijawahi kufurahi namna ile. Jasho lilinitiririka hadi viwikoni, kifua kinauma, midomo imevimba, na nilikuwa natamani jua lisitembee. Mara kwa mara tulikuwa tukirudi kwenye mwito na jibu, kwa sababu ndio uti wa mgongo wa kipande chenyewe, dume anaita, jike anadaka, kisha kila mmoja anarudi kwenye ujanja wake. Watu wakawa wanaujua. Nilianza kuona midomo yao ikiufuatisha.

Kisha Otuoma akabadilika. Aliacha ujanja wote, akaanza sehemu ya jike akiwa peke yake kwenye jabali, dume ameenda kuwinda. Ni sehemu ya polepole, haina kitu cha kushangaza, noti ndefu zinazoshuka na pumzi inayosikika katikati yake. Nilijua watu wataichoka. Nikakaa tayari kuwapokea.

Hawakuja. Badala yake hata waliokuwa kwangu walianza kuondoka, na safari hii hawakukimbia, walitembea kimya. Mwisho nilibaki na Shangazi Selina.

"Mimi nipo, mwanangu," alisema. "Ukoo ni ukoo."

Akasikiliza kidogo. Akanitazama, akatazama kule.

"Nakuja sasa hivi," akasema, akanyanyua gauni lake la Pasaka, akaenda. Hakurudi.

Nikabaki peke yangu juu ya jabali, mbele yangu uwanja mtupu na viti vilivyopinduka. Nitasema ukweli: kwanza niliona wivu, wivu mbaya. Kisha upepo wa ziwani ukaileta ile sauti, na wivu ukapotea, kwa sababu sikuwa nimewahi kuisikia. Niliiandika mimi. Niliipiga naye kutwa nzima chumbani, lakini kila mara nilikuwa nahesabu mapigo nikisubiri zamu yangu, nawaza vidole vyangu. Sasa sikuwa na zamu. Nilisikia jike la Luchelele likiwa peke yake juu ya maji mengi, halilalamiki, linangoja tu. Ilikuwa nzuri. Nilishangaa kwamba imetoka kwangu.

Nilitaka kuisikia kwa karibu. Nikashuka, nikaweka filimbi kwapani, nikakatiza uwanja.

Sikufikiria maana yake mpaka nilipofika katikati. Kwenye ngoma zetu, mchezaji akiacha uwanja wake akaenda kwa mwenzake, mambo yamekwisha, amekubali kushindwa. Watu waliponiona nakuja, walifungua njia. Vigelegele vililipuka mpaka ndege wa miti ya jirani wakaruka. Kija alinishika kiuno.

"Umekubali?"

"Nimekubali," nikasema. Neno hilo mama yangu mzazi hajawahi kulisikia kinywani mwangu.

Otuoma aliniona kati ya watu, na noti ilimtikisika kidogo. Alifika mwisho wa sehemu yake. Hapo dume anatakiwa kurudi kutoka kuwinda na kuita, na jike linamdaka, kisha wanamaliza pamoja. Lakini dume alikuwa amesimama kwenye umati, ana vumbi mpaka kwenye kope. Otuoma alishikilia filimbi mdomoni, akasubiri. Na watu wote wakasubiri. Ule ukimya, jamani! Ukimya niliokuwa nikiuomba miaka yote kwenye kumbi zenye viti, nikawa nimeupata kwa watu waliosimama wakihema kwa kukimbia.

Nikainua filimbi nimwite. Kija akaishusha kwa mkono wake.

"Umeshashindwa," akaninong'oneza. "Tulia."

Ndipo mwito ukatoka nyuma yetu. Mluzi, mkali, wa vidole viwili mdomoni, ule wanaopiga wachungaji kumwita ng'ombe aliyevuka mto. Noti nne zinapanda, moja inaporomoka. Tuligeuka wote. Bwana Shigela, Mkuu wa Chuo, tai imeenda upande, vidole bado viko mdomoni, macho yamemtoka kama mtu aliyejishtukia.

Otuoma alicheka ndani ya filimbi, kisha akamdaka.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia. Wachunga ng'ombe wa Misungwi waliweka vidole midomoni, mmoja, kisha kumi, kisha sijui wangapi, uwanja mzima ukawa dume mmoja mkubwa anayeita, na Otuoma na kifua chake kile akawajibu wote. Shangazi Selina hakuwa na meno ya kupigia mluzi, kwa hiyo aliimba. Noti ya mwisho niliyoiandika ni moja tu, ya ndege wote wawili kwa pamoja, na waliishika watu wote, wengine juu, wengine chini, wengine hawakuishika kabisa lakini walikuwa wanapenda. Nililia. Midomo yangu haikuwa na kazi, kwa hiyo nililia vizuri, bila haya.

Watu hawakutaka kuondoka. Jua lilipoanza kushuka upande wa ziwa walikuwa bado wamesimama makundi makundi wakibishana nani alikuwa mkali, na nilisikia wa Misungwi wakisema kwamba mwakani wao watakuwa upande wa Otuoma. Shangazi Selina alipita mbele yangu akijifanya anatafuta kiatu. Otuoma alikuja na kikombe cha maji, akanipa, akaniuliza kama nimekunywa chai.

"Utarudisha wadudu wangu," nikamwambia.

"Njoo uwachukue," akasema.

Bwana Shigela alinikuta naokota viti. Alikuwa amevaa tena koti lake na kuikaza tai, akawa Mkuu wa Chuo tena, isipokuwa viatu, ambavyo havikuwa na rangi tena.

"Mwalimu Tereza. Nilisema wakae vitini mpaka mwisho."

"Ulisema, Mkuu."

"Hakuna aliyekaa."

"Hakuna. Na kiti chako ndio hiki, nimekiokota chini ya lori."

Alikitazama kiti. Akakohoa. Alitazama uwanja na watu wake, kisha akashusha sauti, na nikaona anaona aibu.

"Ule mluzi wangu. Ulikuwaje?"

Mtu mwenye akili angemsifu. Chumba changu kilikuwa kimening'inia pale hewani kati yetu, na neno moja tamu lingekishusha salama. Lakini nimeshasema mimi ni mtu wa namna gani.

"Noti ya tatu uliipandisha mno," nikamwambia.

Hakukasirika. "Tangu nianze kuvaa viatu sijaupiga," akasema. "Ng'ombe wa baba walikuwa wanaujua. Ningeupiga hivyo wangekataa kurudi." Akajaribu kidogo, kwa midomo tu, polepole, na bado noti ya tatu ilikuwa juu.

"Njoo Jumatatu saa nne," nikasema. "Chumba cha muziki. Tutairekebisha."

Aligeuka kutazama jengo letu. Kompyuta zilikuwa zimeshapangwa barazani, kwenye maboksi yake, mbele kabisa ya mlango wangu. Alizitazama kwa muda mrefu, na mimi nilishikilia pumzi kuliko nilivyoishikilia alasiri nzima.

"Saa nne watakuwa wamekuja mafundi wa kompyuta," akasema. Nikainama kuokota kiti kingine. "Nitawaambia wazifunge ofisini kwangu. Mimi nitapata pa kukaa." Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mwanafunzi wa siku ya kwanza, kama anatakiwa aje na filimbi yake mwenyewe.

Nikamwambia atatumia yangu, ila anawe mikono kwanza.